Ufa Ulioruka Kabati

Inspekta hakuwa tena inspekta. Polisi walikwisha mstaafisha kwa hotuba ndefu na cheti chenye jina lililokosewa, lakini jina la kazi lilimganda, na hata wakili aliyemwajiri baadaye kumchunguzia kesi zake hakujua kumwita vingine. Asubuhi ile mama huyo alisimama katikati ya sebule tupu, mikono nyuma, akiutazama ukuta jinsi alivyozoea kuwatazama waongo: bila haraka na bila heshima.

"Ndio huu wenyewe," alisema msusi aliyekuwa amemfungulia mlango. "Huu ndio unaosemekana ungetuangukia tukiwa tumelala."

Msusi alikuwa mtoto wa kwanza wa nyumba ile. Baba yake, fundi wa malori, alipoona maradhi yamemshika, na mkewe alikwisha tangulia, aliiweka nyumba pamoja na maduka yake ya mbele katika amana kwa ajili ya mabinti zake wawili. Hati ya amana ilikuwa fupi na haikuhitaji msomi kuielewa. Wadhamini wailinde nyumba. Kodi ya maduka iwalee wasichana na kuwasomesha. Wasiiuze ila kwa dharura ya kweli na kwa bei ya haki, na mdhamini yeyote asiinunue yeye mwenyewe, wala kwa mlango wa nyuma. Mdogo akifika umri wa utu uzima, wakabidhiwe mali yao.

Wadhamini aliwachagua wawili. Mmoja alikuwa mjomba wa wasichana, kaka wa mama yao, ambaye mtaa mzima ulimwita Mheshimiwa kwa kuwa aligombea kila kiti kilichowahi kuwa wazi, akashindwa vyote, lakini suti hakuivua. Wa pili alikuwa mwalimu mstaafu, rafiki wa fundi tangu ujana.

Na sasa mdogo mtu alikuwa amerudishwa nyumbani na chuo cha uuguzi kwa kukosa ada, msusi alikuwa anasukia watu kwenye chumba cha uani, na nyumba ilikuwa imeuzwa. Ilikuwa imeuzwa kwa bei ya gofu, kwa sababu ripoti ya mhandisi ilisema kuta zimepasuka na paa litashuka wakati wowote. Kwenye nakala ya hati ambayo wakili aliipata ofisi ya ardhi, mnunuzi alikuwa mwanamke mwenye jina ambalo msusi hakulitambua. Kitu pekee kilichojulikana ni kwamba kesho asubuhi wabomoaji wanakuja.

"Wana haraka," alisema Inspekta.

"Mjomba anasema ni kwa usalama wetu."

"Ukuta ukishalala chini hakuna jaji atakayeuona. Huo ndio usalama anaousema."

Alisogea. Ufa ulianzia karibu na dirisha, ukapanda ukikatakata kushoto na kulia kama mstari wa mtu mlevi anayeandika, ukavuka ukuta karibu wote. Kwa mbali ulitisha. Kwa karibu ulichekesha. Inspekta alichomoa pini nyweleni mwake, akaitumbukiza ndani, akaiburuta taratibu kutoka mwanzo wa ufa hadi alipochoka. Pini haikuzama zaidi hapa wala kupanda zaidi pale. Kina kilikuwa kilekile kote.

"Nyumba ikipasuka kweli," alisema, "ufa hauna adabu hivi. Huku unakuwa mpana unaingiza kidole, kule mwembamba kama uzi. Unafuata maungio ya matofali. Na unatokea upande wa pili. Twende upande wa pili."

Upande wa pili kulikuwa na chumba cha kulala. Ukuta wake ulikuwa mzima, laini, na rangi yake ya zamani haikuwa na hata mkwaruzo. Inspekta aliupiga kofi mara moja kama mtu anayempongeza ng'ombe, kisha akarudi sebuleni akachuchumaa, magoti yakilia.

"Njoo uone, mwanangu. Plasta imekatwa, tofali halijaguswa. Hizi alama fupifupi ni ncha ya patasi. Aliyefanya kazi hii alikuwa anatumia mkono wa kushoto au alikuwa amelewa, na fedha aliyolipwa ilikuwa nyingi kuliko ujuzi wake."

Msusi aliinama, akaona. Taulo aliyokuwa ameishika aliikunja, akaikunja tena, mpaka ikawa donge.

Inspekta alikuwa amekwisha hama. Kitu kingine kilikuwa kimemvuta: katikati ya ukuta, rangi ilikuwa nzito na mpya katika umbo la mstatili mkubwa, mrefu kuliko mtu, mpana kama mlango wa gereji. Ufa ulikuja mbio kutoka dirishani, ukafika ukingoni mwa mstatili ule, ukakatika. Ndani ya mstatili hapakuwa na kitu. Upande wa pili wa mstatili ufa ulianza tena, ukaendelea na safari yake kana kwamba haukuwahi kusimama.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Kabati la baba. Kubwa. Alilitengeneza humu humu ndani."

"Lilihamishwa lini?"

"Mjomba alilichukua baada ya kuuza. Alisema mnunuzi hataki takataka. Ilibidi walivunjevunje ndiyo litoke, maana mlangoni halikuwahi kupita hata siku moja."

Inspekta alicheka. Kilikuwa kicheko kikavu, cha puani.

"Nimewaona wezi wavivu," alisema. "Nimewaona wezi wajinga. Lakini mtu anayepasua nyumba ya yatima na kushindwa hata kulisogeza kabati! Ufa umefika, umekuta kabati, umepiga hodi, umeambiwa uruke."

Alianza kupiga picha kwa simu, mbali na karibu, huku msusi akishikilia kipimo cha utepe kwenye ukingo wa mstatili. Mpangaji wa duka la kwanza aliitwa, akaonyeshwa, akaandika maelezo yake na kutia sahihi. Ndipo mlango ulipofunguliwa bila kubishwa, na harufu ya marashi ikaingia kabla ya mwenyewe.

Mheshimiwa alikuwa amevaa suti ya rangi ya majivu, na uso wa mtu anayengoja kupigiwa makofi.

"Shikamoo, mjomba," alisema msusi.

"Marahaba, mwanangu. Una mgeni? Humu si salama jamani, humu si salama kabisa." Alimtazama Inspekta toka viatuni. "Wewe ndiye yule wa wakili."

"Ndiye mimi."

"Basi utakuwa umejionea. Huo ufa ungewaua watoto wa dada yangu. Mimi nilikosa usingizi, nakwambia. Nikajiuliza, marehemu ataniuliza nini siku tukikutana?"

"Swali zuri. Ulimwuzia nani nyumba?"

"Mnunuzi mwema tu. Mama mmoja, mtu wa mbali."

"Mnahusiana?"

"Hata kidogo. Mimi ni mtu wa kanuni." Alichomoa karatasi iliyokunjwa mfukoni, akampa msusi kwa tabasamu. "Hii ni ile niliyokwambia. Weka sahihi hapo chini, nikupe kifuta jasho chenu leo leo. Mdogo wako arudi chuo."

Msusi alimgeukia Inspekta. Inspekta aliichukua karatasi, akaisoma yote, ingawa Mheshimiwa alianza kukohoa. Ilisema kwamba wanufaika wamejulishwa kila kitu kuhusu mauzo, wameridhia kwa hiari, na hawatadai chochote kwa mtu yeyote milele.

"Amejulishwa nini?" aliuliza Inspekta.

"Mambo yote ya msingi."

"Jina la mnunuzi analijua?"

"Mambo ya msingi, nimesema."

Inspekta alimrudishia msusi karatasi, akasema kama vile mwenye suti hayumo chumbani: "Usiguse kalamu. Mdhamini aliyekula mali hana dawa nzuri kama sahihi ya mwenye mali. Ukisharidhia kwa macho makavu, jaji atauliza unalilia nini."

"Unamharibu mtoto," alisema Mheshimiwa. Tabasamu lilikuwa limebaki mdomoni tu, machoni limekwisha toka. "Hawa ningewaachia nyumba hii wangeila mwaka mmoja. Msusi! Msusi anajua nini kuhusu majengo?"

Msusi alimwamkia alipoingia, na alipotoka pia alimuaga kwa adabu. Karatasi aliiweka juu ya dirisha bila sahihi.

*

Kama kuna kitu Inspekta alikidharau kuliko mwizi, ni mlinzi aliyelala. Kwa hiyo alipofika kwa mwalimu mstaafu, mdhamini wa pili, hakukubali kiti wala maji.

Nyumba ya mwalimu ilikuwa nadhifu, vitabu vimepangwa kwa urefu. Paa lilikuwa jipya, mabati yakimetameta mpaka yanaumiza macho. Inspekta aliyaona tangu barabarani na akajipa jibu mapema: huyu naye kapata mgao.

"Paa zuri," alisema.

"La mwaka huu. Mwanangu alituma mabati, yuko ughaibuni." Mwalimu alileta mwenyewe stakabadhi na picha za kijana akiwa dukani, bila kuulizwa, kama mtu anayefurahi kupata la kuzungumza. Kila kitu kilikuwa sawa. Hakupata mgao. Hakupata hata nauli ya siku ya kusaini.

Inspekta alizirudisha karatasi mezani. Angalau angehongwa, alijisemea, ningempa heshima ya kumwita mwizi.

"Sasa niambie, mwalimu. Ulisaini mauzo ya nyumba ya rafiki yako. Uliukagua ukuta?"

"Mheshimiwa alinionyesha picha."

"Kutoka hapa kibarazani kwako paa la ile nyumba linaonekana. Ulishindwa kutembea?"

"Nilikuwa na mguu, unauma."

"Mpaka leo unao, na umenifungulia geti. Ripoti uliisoma?"

Mwalimu alivua miwani, akaisafisha. "Ilikuwa na maneno ya kitaalamu."

"Umefundisha watoto kusoma miaka mingapi?"

"Mama, mimi nilimwamini."

"Marehemu hakukuweka pale uamini. Kuamini kila mtu anaweza, hata jiwe. Alikuweka pale utazame. Kodi ya maduka umewahi kuiulizia?"

"Hizo alikuwa anashika yeye. Tuligawana kazi."

"Mligawana vipi?"

"Yeye anasimamia, mimi..." Alitafuta neno, na kwa kuwa alikuwa mkweli, hakulipata.

"Wewe unasaini," Inspekta alimalizia. "Sheria, mwalimu, haiulizi nani alikula peke yake. Inauliza pia nani alikuwa mlangoni. Mkishindwa kurudisha, mtalipa wote wawili, kila mmoja kutoka mfukoni mwake, na paa lako linaweza kuingia kwenye hesabu."

Mzee alikaa chini. Kwa mara ya kwanza tangu aingie, Inspekta alivuta kiti, si kwa huruma bali kwa sababu mtu mwenye hofu hukumbuka vizuri.

"Siku ya kusaini mnunuzi alikuwepo?"

"Alikuwepo. Mama mtu mzima, anatembea kwa fimbo. Aliletwa, akaonyeshwa pa kuweka sahihi, akaweka. Alinung'unika muda wote kuhusu joto."

"Alizungumza na Mheshimiwa?"

"Kidogo. Alimuuliza..." Mwalimu alisita, akionekana kulisikia jambo lile kwa mara ya kwanza. "Alimuuliza, watoto wataletwa lini kwake, maana likizo imeanza."

"Watoto gani?"

"Sikuuliza. Nilidhani ni maneno ya adabu tu."

Inspekta alitoa simu, akampigia msusi.

"Mwanangu, mama mzazi wa mke wa mjomba wako yu hai?"

"Bibi Fimbo? Yupo. Anakaa nyuma ya kiwanda cha magodoro."

"Jina lake halisi unalijua?"

"Hata sijui. Tangu utoto sisi tunamwita Bibi Fimbo tu."

"Haya," alisema Inspekta, akasimama. "Na wewe mwalimu, kesho asubuhi uwe pale nyumbani. Ukija na mguu, ukija bila mguu, uwepo."

*

Njiani alimpigia wakili, kijana mwenye akili nyingi na subira ndogo.

"Tuna ufa wa patasi, na nadhani tuna mnunuzi aliye mama mkwe wa muuzaji," alisema. "Unaweza kuomba nini?"

"Kila kitu," wakili alisema, na sauti yake ilinona. "Zuio la kubomoa kwanza. Kisha mauzo yabatilishwe na nyumba irudi kwenye amana. Aondolewe udhamini, atoe hesabu ya kodi yote tangu siku ya kwanza, na alichokula akirudishe kwa mali yake. Kama alinunulia gari, tunalifuata gari. Tatizo ni hilo la kwanza. Jaji atanisikiliza kesho mahakama ikifunguliwa. Zuio siwezi kulitia mkononi kabla ya mchana."

"Wabomoaji wanakuja asubuhi."

"Basi wacheleweshe."

"Kwa kitu gani? Kwa ngoma?"

"Wewe ndiye mpelelezi," alisema wakili, akakata simu.

Bibi Fimbo alikuwa ameketi uani kwake kwenye kiti cha plastiki, miguu ndani ya beseni la maji ya moto na chumvi. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye uso wa mtu aliyekosewa na dunia na anayeikumbuka kila siku ya kosa hilo.

"Bibi, nimekuja kukupa hongera ya nyumba," alisema Inspekta baada ya salamu.

"Nyumba gani?"

"Uliyonunua. Yenye maduka mbele."

"Mimi? Nyumba ya nini na magoti haya?"

Inspekta alimpa nakala ya hati. Bibi aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, akalisoma jina lake alilopewa na wazazi wake, silabi kwa silabi.

"Hii sahihi yangu," alikiri. "Mkwe wangu alinipeleka. Alisema ni banda la kuwekea mbao zake, analiandika kwa jina langu kwa sababu ya kodi ya serikali. Nikasema haya. Ina maduka?"

"Matatu. Na wapangaji."

"Tazama mtu!" Bibi alipiga fimbo sakafuni, maji yakaruka. "Mwaka wa tatu namwomba aniwekee sinki. Kila siku, mama, mambo magumu. Mama, vumilia. Kumbe nina maduka!"

"Ulitoa fedha, bibi?"

"Hata senti."

"Basi nikwambie ukweli, nisikudanganye kama yeye. Nyumba hiyo ni ya yatima wawili, watoto wa dada yake. Yeye aliwekwa ailinde, akaiuza kwa bei ya kutupa, akaificha nyuma ya jina lako. Mtu aliyepata mali ya amana bure hawezi kuishika, hata kama hakujua. Mahakama itaifuata kwako na itairudisha kwa wenyewe."

Furaha ya maduka ilimtoka bibi usoni taratibu, na Inspekta aliiacha imalizike.

"Yaani mimi ndiye nimeiba," alisema hatimaye.

"Wewe umetumiwa. Kesho asubuhi anaibomoa, ili ushahidi upotee. Zuio la jaji halitafika kabla ya mchana. Lakini mpaka jaji aseme vingine, kwenye karatasi mwenye nyumba ni wewe. Fundi hawezi kuvunja nyumba ya mtu aliyekaa mlangoni anakataa."

"Kwa hiyo mpaka kesho mchana ni yangu?"

"Mpaka mchana."

Bibi aliitoa miguu ndani ya beseni, mmoja baada ya mwingine, akaikausha kwa upindo wa kanga.

"Inatosha," alisema. "Nataka nimwone uso."

*

Lori la wabomoaji lilifika na vijana wenye nyundo kubwa wamening'inia nyuma. Msimamizi wao, mtu mfupi mwenye kofia ya chuma, alishuka, akatembea hadi kwenye ngazi za mbele, akasimama. Katikati ya mlango, juu ya kiti cha saluni, alikaa bibi mwenye fimbo, na pembeni yake mwanamke mmoja mwenye mikono nyuma. Mwalimu mstaafu alikuwa ameegemea nguzo. Msusi na mdogo wake walisimama kwenye mlango wa duka, na wapangaji nyuma yao.

"Mama, tunaomba utupishe," alisema msimamizi.

"Nikupishe uende wapi? Hii nyumba yangu." Bibi alimpa hati. "Unajua kusoma? Soma."

Msimamizi alisoma. Akakuna shingo, akapiga simu, na haikuchukua muda gari la Mheshimiwa likaja kwa kasi na kusimama nusu juu ya mtaro. Alishuka akifunga kifungo cha koti. Alipomwona aliyeketi mlangoni, mkono uliganda kwenye kifungo.

"Mama," alisema chini chini, akipanda ngazi. "Mama, unafanya nini huku? Twende nyumbani."

"Niko nyumbani."

"Mama, tutazungumza. Hili jua..."

"Sema kwa sauti. Mimi masikio hayajambo, lakini hawa wengine wasikie."

Msimamizi alisogea. "Mzee, mimi nina vijana na mafuta yanaungua. Uliniambia mwenye nyumba amekubali. Mwenye nyumba ndiye huyu?"

Swali lilikuwa jepesi, na Inspekta alifurahi kuona jinsi lilivyomlemea. Mheshimiwa alimtazama mama mkwe wake, akaitazama hati mkononi mwa msimamizi, akamtazama mwalimu, ambaye kwa mara ya kwanza katika maisha ya udhamini wake alikuwa anatazama. Akisema ni ya bibi, nyundo zinarudi kwenye lori. Akisema si ya bibi, ni ya nani?

"Ni yake," alisema mwishowe, "lakini mimi ndiye msimamizi wake."

"Tangu lini?" aliuliza bibi. "Sinki limekushinda, utanisimamia nyumba? Kijana, pakia nyundo zako. Na wale wapangaji, kodi ya mwezi huu wataniletea mimi. Nimekwisha amua. Hapa nitakaa mpaka nife, na nikifa nitawaachia dada zangu, si wewe."

Inspekta alimtupia jicho. Hili hawakulipanga. Bibi wala hakugeuza shingo. Alikuwa anaifaidi asubuhi yake.

"Mama, acha mchezo!"

"Nani anacheza? Karatasi inasema yangu."

"Karatasi!" Sauti ya Mheshimiwa ilipanda mpaka ikapasuka. Majukwaa yote aliyowahi kusimama hayakuwahi kumsikia akisema kwa moyo hivyo. "Wewe nilikuazima jina tu! Fedha zangu, mpango wangu, fundi wa patasi nimemlipa mimi! Nyumba ni yangu!"

Kijana mmoja kwenye lori aliishusha nyundo polepole, kama anaogopa isije ikalia.

"Mwalimu," alisema Inspekta, "umesikia, au nimwombe arudie?"

"Nimesikia," alisema mwalimu. Akavua miwani, na safari hii hakuisafisha. "Nimesikia, na nitasema hivyo hivyo mbele ya jaji. Nisameheni, wanangu."

Mdogo aligeuza uso.

Mheshimiwa alikuwa ameshuka ngazi, mwendo wake umekuwa wa mtu mwingine, akaelekea kwenye duka. "Mwanangu," alimwambia msusi, na mikono yake ilikuwa mbele kama ya mwombaji, "haya ni mambo ya nyumbani. Mimi ni damu ya mama yako. Wakili wa nini? Mahakama ya nini? Tukae, tuyamalize."

"Shikamoo, mjomba," alisema msusi.

"Marahaba, mwanangu, marahaba."

"Funguo za maduka."

"Tutazungumza kuhusu..."

"Funguo, mjomba."

Alinyoosha kiganja, kikiwa bado na mafuta ya nywele. Mheshimiwa aliwatazama waliokuwepo mmoja mmoja, akitafuta uso hata mmoja wa kumtetea, na alipoukosa akaanza kuzichomoa funguo kwenye pete. Kucha zilimteleza. Hakuna aliyemsaidia. Msusi alizipokea, akazihesabu, na bila kuzitia mfukoni akampa mpangaji wa duka la kwanza mbele ya watu wote.

"Zishike wewe, na kodi msimpe mtu," alisema. "Mjomba msimpe, wala mimi msinipe, mpaka jaji aseme ziwekwe wapi."

Wakili alifika mchana, zuio mkononi, tai begani, akakuta lori bado lipo na wabomoaji wamelala chini ya kivuli chake. Alilibandika tangazo mlangoni na kumkabidhi Mheshimiwa nakala yake. Mheshimiwa aliipokea, akaenda kulifungua gari lake, akashika mlango wa mbele upande wa abiria na kusimama hapo.

"Twende, mama," alisema. "Nikurudishe."

Bibi Fimbo alishuka ngazi moja moja, akikataa kila mkono ulionyooshwa. Alifika kwenye gari, akaupita ule mlango uliofunguliwa kana kwamba ni mtaro, akaenda mpaka kwenye lori. Lilikuwa refu, na magoti yake hayakuwa ya kupanda vitu virefu. Aliwaita wabomoaji wawili, wakaziweka nyundo zao chini, wakamshika huku na huku, wakamnyanyua juu hadi kiti cha mbele. Akaketi, akalitengeneza gauni lake, akaiweka fimbo magotini.

"Kijana," alimwambia msimamizi wa wabomoaji, "nyuma ya kiwanda cha magodoro. Na usikimbie."